Mwosha na Mabafu ya Mtaa Wetu

Mtaani kwetu Shinyanga, ukimwona Mwosha anaingia uani kwa watu ulijua moja kati ya mambo mawili: ama kuna mwanamke amefariki, ama kuna mwanamke amezeeka. Kwa la kwanza aliitwa. Kwa la pili alijileta mwenyewe, na hilo ndilo lililowaudhi watu.

Nilimfahamu kwa miaka mingi, tangu nilipoletwa mjini kama mke wa mtu, wakati mji ulikuwa bado unajengwa kuifuata reli na nyumba nyingi zikinukia udongo mbichi. Jina lake nalijua, lakini silitaji, maana hata enzi zake halikutumika. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake wa Kiislamu, basi tulimwita Mwosha akiwa hayupo, na Bibi akiwepo. Kuhusu kwao, wengine walisema Pangani, wengine Tabora. Ukimwuliza alijibu kwamba ametoka nyumbani kwake na atarudi hukohuko akimaliza kahawa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kutembea kama aliyejitwika mtungi hata siku ambazo hakubeba kitu. Nywele alizitia hina. Nguo zake zilinukia udi, na kwenye pindo la kanga alifunga ugoro ambao aliunusa akigeukia ukutani, kana kwamba ukuta pekee ndio uliostahili kuona. Hakuwa mtu wa kupendeza kukaa naye. Alikosoa mchuzi wa watu, alikosoa namna ya kufagia, na bibi harusi mmoja aliwahi kuambiwa mbele ya wakwe kwamba wanja aliopaka umemfanya aonekane ameshtuka. Lakini mambo aliyoyaona kwenye miili ya wanawake wa mji mzima, hakuyatoa. Midomo yake ilikuwa miwili: mmoja wa mchuzi na wanja, na mwingine uliofungwa kabisa.

Mara moja tu niliwahi kumsikia akieleza mambo ya mabafu yalivyoanza. Tulikuwa tunachagua mchele uliotoka Kahama, mchele mzuri lakini wenye mawe, na labda ni yale mawe yaliyomkumbusha. Alisema kwamba anayeosha maiti huyaona yale ambayo mtu aliyaficha alipokuwa hai. Alikuwa akiwaosha vikongwe waliokufa, watu wa nyumba wakisema ni homa, ni kifua, ni amri ya Mungu tu. Naye akiwageuza aliona nyonga imegeuka rangi, kiwiko kimevimba, au mkono uliovunjika zamani ukajiunga vibaya bila mtu yeyote kuambiwa. Kisha alipotoka kwenda kuchukua maji katika bafu la nyumba hiyohiyo, mguu wake mwenyewe ulikuwa unakwenda upande.

“Nikaanza kuelewa,” aliniambia, “kwamba homa nyingi za mji huu zilianzia kwenye jiwe lenye utelezi.”

Mabafu yetu ya wakati ule hayakuwa kitu cha kujivunia. Mwisho wa ua, mbali na nyumba, palizungushiwa wigo wa mabua ya mtama. Ndani palitandazwa mawe bapa, mfereji mdogo ukatoa maji nje, na kando yake shimo la choo. Mlango ulikuwa gunia, au ubao kwa waliojiweza. Sisi wenye magoti mazima tuliingia na kutoka bila kuwaza. Mtu mzima aliyeingia humo alikuwa peke yake, amevua nguo, macho yana sabuni, anasimama kwa mguu mmoja ili aoshe wa pili. Mwosha alisema kwamba hapana mahali pengine ambapo watoto wa mtu humwacha mzazi wao katika hali kama ile kisha wakaendelea na mazungumzo yao.

Namna yake ya kukagua ilikuwa ileile kila nyumba. Aliacha mitalawanda yake, vile viatu vya mti, mlangoni, akaingia pekupeku, akasimama katikati na kufumba macho. Wengine waliodhani anasoma dua walinyamaza kwa heshima. Hakuwa anasoma chochote. Alikuwa anasikiliza nyayo zake. Halafu alinyoosha mkono huku na huku, macho bado yamefumba, kutafuta kilichoweza kushikika. Mkono hauna subira, alikuwa akisema. Mtu akiteleza mkono unashika kilicho karibu, na kama kilicho karibu ni bua, basi mtu huyo amejishikiza kwenye bua.

Akishafumbua macho zilianza amri. Yale mawe laini, yanayopendeza, yang'olewe, yawekwe ya mlimani yenye ngozi kama ya kenge. Ukungu wa kijani usuguliwe kwa majivu na mchanga. Debe la maji lisiwekwe chini, maana kila kata moja ya maji ni kuinama na kuinuka. Liwekwe juu ya kichanja kinachofika kiunoni. Sabuni itobolewe na kufungwa uzi, itundikwe, ili ikiponyoka mzee asiifukuze sakafuni kama anayekamata kuku. Kizingiti kipakwe chokaa, kwa sababu macho ya uzeeni huona weupe kabla ya kuona mti. Na zaidi ya yote, nguzo. Kando ya shimo la choo nguzo moja, kando ya mahali pa kuogea nyingine, zimechimbiwa hasa, na miguu yake imeunguzwa motoni kwanza ili mchwa wasiipende.

Jambo lililoleta ugomvi kuliko yote lilikuwa mlango. Aliwataka watu wenye milango ya ubao waipachike upya ifunguke kwa nje, na komeo la ndani liondolewe. Waume wa mji walikataa. Bafu lisilo na komeo ni barabara, walisema. Yeye alijibu kwamba mtu akianguka huangukia mlango, na mlango unaofunguka kwa ndani hautafunguka tena mpaka yeye ainuke, na yeye hainuki. Tundikeni kanga juu ya wigo, alisema, anayekuja ataiona na atajua kuna mtu. Nyumba nyingi zilikubali nguzo na zikabaki na komeo.

Nyumbani kwetu vita vilikuwa vikubwa zaidi, maana mama mkwe wangu naye hakuwa mtu wa kuchezewa. Alikuwa mwanamke wa heshima nyingi na maneno machache, aliyelelewa kuamini kwamba mtu mwenye adabu haulizwi habari za mwili wake. Kwa siku kadhaa nilikuwa nimemwona anakaa kwa upande mmoja. Nilipomwuliza akasema ni baridi ya mifupa, nami nikamchemshia maji ya kukanda, akayakataa.

Mwosha alikuja kurudisha sinia iliyotumika kwenye hitima ya jirani. Akakaribishwa kahawa. Nilimwona anamtazama mama mkwe anavyoinuka kwenye mkeka: mkono sakafuni, kisha goti, kisha mkono ukutani, kisha pumzi. Alimaliza kahawa, akageuza kikombe, ndipo akaomba aonyeshwe bafu.

“Sijafa bado,” mama mkwe akamwambia.

“Ndiyo maana nimekuja leo.”

Mama mkwe alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alisema mji mzima una mtu mmoja tu anayewapima wenzake wakiwa bado wanapumua, na mtu huyo sasa amekaa juu ya mkeka wake. Alisema mengine pia, ya asili za watu na ya wanaojifanya wanajua. Nilitaka kutoka, lakini kutoka ni kupita katikati yao. Mwosha hakupandisha sauti. Alisogea, akaketi karibu naye zaidi, bega kwa bega kama mashoga wanaosukana.

“Dada yangu,” alisema, “nimewaosha wanawake wenye haya kuliko wewe. Waliwaficha watoto wao jeraha, wakaja kunionyesha mimi, na mimi sikuwa na la kuwafanyia tena ila kuwaombea.”

Kisha mama mkwe akapandisha mkono wa gauni lake. Kuanzia kiwiko hadi karibu na bega palikuwa pamegeuka rangi ya zambarau iliyoiva kupita kiasi. Nyonga hakutuonyesha, lakini aliishika, tukaelewa.

Mume wangu aliporudi kutoka kwenye kinu cha pamba, nywele na nyusi zimejaa nyuzi nyeupe, alimkuta Mwosha bado yupo. Akaambiwa. Kilichomuuma kwanza ni kwamba mama yake alimficha. Akasema kwa uchungu kwamba siku hizi wazee wanaanguka na kunyamaza.

“Mzee haanguki,” Mwosha akamjibu. “Huangushwa.”

Mume wangu akamwuliza kwa hasira ni nani humu ndani aliyemsukuma mama yake. Mwosha alinyanyua kidevu kuelekea mwisho wa ua, kwenye bafu ambalo mume wangu alilijenga kwa mikono yake, kwa mawe mazuri ya mtoni aliyoyachagua moja moja, bafu lililosifiwa na wageni. Alisimama akilitazama kwa muda. Sijui aliwaza nini, lakini siku ya mapumziko aliamka mapema, akachukua sururu na kuanza kuyang'oa.

Zilipowekwa nguzo, mama mkwe alikataa kuzigusa. Alisema yeye si mbuzi afungwe kwenye mti. Baadaye nikaanza kuona kanga yake mbichi imetundikwa juu ya nguzo kila akitoka kuoga, naye akaanza kuiita “mti wa kanga”. Mti wa kanga umelegea kidogo, alikuwa akimwambia mwanawe, uushindilie. Mume wangu alishindilia bila kucheka, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Hakuna aliyewahi kuuliza kanga inahitajije nguzo iliyoshindiliwa kiasi kile.

Aliishi nasi miaka baada ya hapo. Alipokufa, alikufa kitandani pake, baada ya kukataa uji na kuomba dirisha lifunguliwe. Aliyemwosha ni yeye huyo huyo waliyegombana naye juu ya mkeka. Nilikaa nje ya mlango na wanawake wengine. Mwosha alipomaliza na kutoka, aliniita kando, mikono yake ikinukia kafuri, akaniambia jambo moja tu.

“Mama yako hana alama hata moja.”

Niliwahi kupewa pole nyingi katika maisha yangu. Sidhani kama kuna iliyonifikia kama ile.

Sasa, msidhani kwamba mtu huyu aliishi kwa kanuni zake. Alikataza mitalawanda kwenye mabafu ya watu, akisema kiatu cha mti juu ya jiwe bichi ni kama kumweka mtu juu ya barafu ya wazungu, ingawa barafu yenyewe sidhani kama aliwahi kuiona. Lakini yeye mwenyewe aliivaa kutoka asubuhi hadi usiku, bafuni na kila mahali, na mlio wake ulisikika mtaa mzima. Ukimkumbusha alisema kwamba anajua mitalawanda inavyoua, kwa hiyo haiwezi kumvizia. Aliwahimiza watu wakubali kusaidiwa. Yeye hakukubali hata kubebewa kikapu. Na wagonjwa hakuwatembelea kamwe. Watu walimsema kwa hilo, wakimwona mkavu wa moyo, mpaka siku aliponieleza kwamba mgonjwa akimwona yeye mlangoni huanza kuaga. Badala yake alituma uji wa ulezi, na aliyeupokea hakuambiwa umetoka kwa nani.

Alikuwa pia na majivuno ambayo yalinichekesha. Baba yangu mzazi aliishi nje ya mji, mfugaji wa Kisukuma wa aina ya zamani, na siku moja Mwosha aliomba nimpeleke, kwa sababu nilikuwa nimemtaja kuwa mzee. Tulitembea asubuhi yote. Baba alimpokea vizuri, wakasalimiana, yeye kwa Kiswahili cha pwani na baba kwa “mwangaluka, mayu”, kila mmoja akimsikia mwenzake nusu. Alipoeleza alilolifuata, baba alicheka mpaka akafuta machozi. Alisema yeye huoga bwawani, juu ya mwamba, ng'ombe wake wakimtazama, na hajui nguzo itachimbiwa wapi kwenye mwamba.

Mwosha alikwenda kuuona huo mwamba, akarudi bila amri hata moja. Lakini baba alikuwa amemkalisha kwenye kigoda chake, kipana, cha mti mmoja uliochongwa, chenye miguu mitatu iliyotanuka, nacho kilikuwa kirefu kuliko vigoda vyetu vya jikoni. Nilimwona anakitikisa. Ardhi pale uani ilikuwa mabonde matupu, na kigoda hakikucheza. Alikitikisa tena, akakisogeza penye mabonde zaidi, akakaa, akainuka, akakaa.

“Cha miguu minne kina ugomvi na ardhi,” baba akamwambia. “Hiki mitatu yake imeshapatana.”

Alipewa zawadi kigoda kile, nikakibeba mimi mpaka mjini. Kuanzia hapo kila bafu alilolikagua lilitakiwa liwe na kigoda cha miguu mitatu, kimefika gotini, kwa sababu kigoda kifupi cha jikoni ni mtego, mzee anakaa na hainuki. Seremala wa karibu na stesheni alivichonga vingi. Na kila alipoulizwa wazo limetoka wapi, Mwosha alisema, nikiwa nimesimama palepale, kwamba alikaa akafikiri. Nilimweleza baba hayo nikidhani atakasirika. Alisema mwizi wa namna hiyo na aje aibe tena.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo hakulipenda lizungumzwe, na ambalo nadhani lilimfanya awe alivyokuwa.

Kabla ya nguzo palikuwa na kamba. Mwanzoni kabisa, kabla hata ya kuja kwetu, alikuwa akiwaambia watu wafunge kamba ya katani kutoka boriti ya nyumba hadi wigo wa bafu, ili mzee aishike njia nzima na aendelee kuishika akiwa ndani. Lilikuwa wazo zuri, nalo lilikuwa rahisi. Nyuma ya kinu cha pamba aliishi mjane wa mchuuzi wa ngozi, mwanamke mnene, mcheshi, aliyeiogopa sana njia ya bafuni hata akawa anajinyima maji ya kunywa. Mwosha alimfungia kamba hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Mjane akafurahi. Akaanza kunywa maji, akaanza kuoga kila siku, akawa anawaambia watu kwamba amerudishiwa miguu. Aliiamini kamba ile.

Katani ikiloa na kukauka, ikiloa na kukauka, na sabuni ikiingia ndani yake, huoza katikati huku nje inaonekana nzima. Masika ilipita. Hakuna aliyeitazama. Siku moja mjane aliiegemea kwa uzito wake wote, kama alivyokuwa amezoea, ikakatika.

Hakufa siku hiyo. Alilala kitandani, nyonga imevunjika, kwa muda mrefu, na ule ucheshi ulikuwa wa mwisho kumtoka. Alipofariki, Mwosha alikwenda kumwosha. Watu wa nyumba hawakumlaumu hata kwa neno moja. Walimwambia ni siku zake zilifika. Mwenyewe alinieleza kwamba lile ndilo lililomwumiza zaidi, kwani kama wangemlaumu angejitetea, na katika kujitetea labda angepata nafuu.

“Asingekuwa na kamba, angejihadhari,” alisema. “Mimi ndiye niliyemwambia asiogope.”

Niliyaelewa tangu hapo mambo niliyokuwa nayaona bila kuyaelewa. Kila masika ikiisha, Mwosha alizungukia nyumba zote alizowahi kuzishauri. Hakubisha hodi kwa muda mrefu. Aliingia, akaenda moja kwa moja bafuni, akakumbatia nguzo kwa mikono miwili, akainua miguu, akaning'inia. Mwanamke mtu mzima, kanga imekazwa kiunoni, amening'inia kwenye nguzo ya bafu ya watu huku anahema. Watu walicheka, wakamwigiza. Nguzo iliyotikisika aliamuru ing'olewe siku hiyohiyo, na kama mwenye nyumba alileta maneno ya kesho, alikaa chini uani kwake na kungoja. Nimemwona akingoja hivyo kutoka adhuhuri hadi mwenye nyumba alipoona aibu na kuchukua jembe.

Wala hakuacha kushauri. Hilo pia nimelifikiria mara nyingi. Mtu mwingine, baada ya mjane, angerudi kwenye kuosha maiti tu, mahali ambapo hakuna anayeweza kuanguka tena. Yeye aliendelea kuwaambia wazee wasiogope, ila aliacha kulisema neno hilo kwa wepesi.

Kisha tukahama. Dhahabu ya upande wa Geita ilikuwa imewatia watu wengi wazimu, na mume wangu aliona nyuzi za pamba zimeshamtosha. Tulikaa huko miaka kadhaa, yeye akichimba, mimi nikipika wali na maharage kwa wachimbaji, katika kambi ambayo watu wote walikuwa vijana. Hilo lilinishangaza kwa muda mrefu kabla sijajua ni nini kinachonishangaza: hapakuwa na mzee hata mmoja. Vumbi lilipomharibu kifua mume wangu, tulirudi kwa lori la mpunga lililopita Kahama, na nilipofika Shinyanga sikuweza kuacha kuwatazama wazee barabarani, wanavyokwenda polepole, kila mmoja na njia yake.

Niliposikia kwamba Mwosha yupo hai, anaishi kwa mkwewe, mke wa marehemu mwanawe, nilikwenda baada ya sala ya adhuhuri. Sikumkuta mkwe, alikuwa amekwenda sokoni. Nilimkuta yeye kwenye kiti cha uani, amekonda, hina imeisha kichwani na mvi imetawala. Hakuwa na ugoro wala mitalawanda.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Umenenepa, Mama Rehema. Geita wanakula.”

Nilifurahi kuona kwamba ulimi ulikuwa bado mzima. Tuliongea habari za watu, waliokufa na waliozaliwa, naye akaniambia kazi ya kuosha ameiacha, mikono haina nguvu ya kumgeuza mtu kwa heshima. Baadaye akasema kwamba jua ni zuri na angependa kuoga, lakini mkwe hayupo. Nilimwambia nipo mimi. Alifikiri. Kisha akaanza kunieleza jambo, akitazama chini.

Alikuwa ameanguka. Si jana wala juzi, bali wakati mimi nikiwa Geita. Alianguka bafuni asubuhi, mkwe wake yumo ndani anatwanga, umbali wa sauti ya kawaida. Hakuita. Alilala juu ya mawe pale, uchi, akasikia mchi unapiga, ukanyamaza, moto ukawashwa, muadhini akaadhini adhuhuri, na bado hakuita. Alisema kwamba yeye aliyeijua miili ya wanawake wa mji mzima, hakuweza kufungua mdomo ili mtu mmoja aje kuuona wa kwake.

“Mkwe wangu akaja kuchukua ndoo,” alisema. “Akaniona. Hakupiga kelele. Alivua kanga yake ya juu, akanifunika kwanza. Akahakikisha nimefunikwa, hata miguu. Ndipo akaniuliza wapi panauma, ndipo akaniinua.”

Akausugua mguu wake mmoja.

“Miaka yote ile nilikuwa nafikiria kuinua tu,” akasema. “Nguzo, mawe, kichanja. Sikujua kwamba mtu anaweza kubaki chini kwa kukosa kanga ya kumsitiri.”

Nilimpa mkono, akaushika, na kwa mara ya kwanza niliusikia uzito wake, ambao haukuwa mkubwa. Tulikwenda hatua kwa hatua hadi mwisho wa ua. Nilitaka kuingia naye, akasema hapana, nikae nje ya wigo, karibu, niongee. Ndivyo walivyopatana na mkwe wake: mmoja anaoga, mwingine anaongea nje, na sauti zinakutana.

Basi nikakaa chini, mgongo wangu kwenye wigo wa mabua, nikaongea. Nilimweleza habari za kambi, za mwanamke jirani yangu aliyefuga bata kwenye matope ya wachimbaji, za mvua za huko zinazokuja bila kupiga hodi. Kutoka ndani alinijibu mara kwa mara, neno moja au mguno, na katikati nilisikia kata ikichota na maji yakimwagika juu ya mawe. Alinikosoa mahali nilipokosea jina la mtu. Aliuliza kama bata wale walitaga.

Halafu ndani pakanyamaza. Nikaendelea kuongea kidogo, nikapunguza, nikaacha. Maji hayakusikika. Nilikuwa nimeshaweka mkono chini ili niinuke, na mkono wa pili umeshika fundo la kanga yangu, tayari kuivua.

“Mama Rehema.”

“Abee, Bibi.”

“Upo?”

“Nipo.”

“Usiondoke,” alisema. “Bado kidogo tu.”

Sikuwahi kumsikia akimwomba mtu kitu kwa ajili yake mwenyewe. Nikamwambia sina pa kwenda. Nikasikia kata inagonga ukingo wa debe, na maji yakaanza kumwagika tena.